Mguu wa Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala koleo. Niliambiwa nikae chini nilitazame tofali.

Ilikuwa yadi ya Idara ya Ujenzi ya serikali, Singida mjini, enzi za Mwingereza. Nilitoka nyumbani Unyambwa alfajiri nikiwa nimevaa shati langu la Idi, na njia nzima nilijiona fundi tayari. Fundi Mkuu wa yadi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu mfupi mwenye sauti nene. Cheo ndicho kilikuwa jina lake; sijapata kusikia mtu akimwita vingine. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama shati langu na kucheka peke yake. Kisha akamimina maji kidogo kwenye karai, akasimamisha ndani yake tofali kavu la kuchoma.

"Kaa hapo," akasema. "Likimaliza kunywa uniite."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Lakini nilikuwa na shida ya kazi, basi nikakaa. Maji yalikuwa chini, yameshika mguu tu wa tofali, wala hapakuwa na mtu anayelimwagia. Hata hivyo ule wekundu mpauko ulianza kuiva kuanzia chini, ukapanda taratibu, ukapita katikati. Jua lilipokuwa utosini, tofali zima lilikuwa limekolea. Nikapeleka mkono juu yake. Bichi kabisa! Nikamwita.

"Nani kayapandisha?" akauliza.

"Sijui, Fundi Mkuu."

"Asubuhi nzima umekaa hapa na hukumwona?"

Vibarua wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu akanifundisha jambo ambalo nimelila maisha yangu yote, maana ndilo lililonipa ugali.

Tofali, alisema, halijashiba udongo. Ndani limejaa vinjia vyembamba kuliko unywele. Maji nayo yana tabia mbili. Ya kwanza, hupenda kung'ang'ania ukuta wa kinjia yanachokigusa. Ya pili, yana ngozi. Hapo nikamtazama usoni nione kama ananicheza shere. Akachukua kikombe, akakijaza maji mpaka yakasimama juu ya ukingo bila kumwagika, yamevimba kidogo. Akachomoa sindano kwenye kofia yake, akaipakaza mafuta ya kichwani kwake, akailaza polepole juu ya maji. Ikaelea! Juu ya maji palikuwa pamebonyea chini ya sindano kama godoro chini ya mtu.

"Hiyo ndiyo ngozi," akasema. "Ukingo wa maji unang'ang'ania juu ya kinjia, ngozi inavuta, na maji ya chini yanafuata. Kinjia kikiwa kipana, mzigo ni mzito, yanakomea karibu. Kikiwa chembamba, mzigo mwepesi, yanapanda mbali. Mchanga mkubwa hayaupandi sana. Udongo laini, wee! Huko yanapanda mpaka yanakushangaza."

Kutoka siku ile kazi yangu ilikuwa kulowesha matofali kabla hayajajengwa. Ninyi vijana wa bloku mnaruka hatua hii, kisha mnalalamika ukuta umepasuka. Tofali kavu likikaa juu ya udongo wa saruji linaunyonya maji yake, saruji inakufa kabla haijashika. Tofali lipewe maji yake kwanza ndipo liwaachie wenzake yao. Nilipopandishwa kuwa fundi mwashi, mwenye timazi na pimamaji yangu mwenyewe, bado nilikuwa nikilowesha kwa mkono wangu.

Fundi Mkuu alikuwa na msemo wake. "Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nawaambia, usipoziba mguu wa ukuta utajenga nyumba."

Msemo huo ulinigusa kwa sababu ya nyumbani.

Nilikuwa nimemwoa Mwajuma, binti wa jirani zetu, mrefu, mwenye maneno. Tulikaa kwenye tembe la baba yangu. Tembe ni nyumba nzuri, nisisikie mtu akiitukana: paa la udongo, ndani pamepoa, ng'ombe salama. Lakini shamba letu lilikuwa bondeni, upande unaotazama ziwa, na udongo wa huko ni wa kijivu wenye chumvi. Kiangazi ardhi yenyewe inatoa weupe juu, ng'ombe wanailamba. Masika yakija, maji ya chini yanapanda ndani ya kuta za udongo yakiwa yamebeba chumvi hiyo. Yakifika juu jua linayanywa, chumvi inabaki, inavimba ndani ya ukuta na kuubambua. Kila mwaka mguu wa kuta zetu ulikuwa umeliwa. Ng'ombe nao wakija kulamba wanamalizia.

Ubaya haukuwa ukuta. Ubaya ulikuwa kifua cha Mwajuma. Kuta zikishalowa, chumba kinanuka ukungu, na pumzi yake inaanza kupiga filimbi. Masika mazima alilala amekaa, ameegemea gunia la uwele. Nilikuwa nikimtazama nikiona kama mimi ndiye ninayebanwa. Baada ya mtoto wetu wa kwanza, Halima, kuzaliwa, kifua kilizidi, akakonda shingo ikabaki mishipa. Mama yangu alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, huyu masika mengine kama haya hayamalizi."

Na mimi kazi yangu nini? Kuwajengea watu wa serikali nyumba kavu! Hapo nikaona haya mbele ya nafsi yangu.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Mkiwa, njia panda, tunajenga nyumba ya wageni ya serikali. Huko mkubwa wetu alikuwa Bwana Inspekta wa Majengo, Mwingereza mwembamba mwenye masikio mekundu, asiyependa kelele. Alikuwa akikagua msingi kwa kupiga magoti kwenye vumbi kama sisi. Siku moja mmoja wetu alibisha kuhusu lami tuliyokuwa tukiimwaga juu ya msingi wa mawe, akasema ni uharibifu wa mali. Bwana Inspekta hakumkaripia. Alichukua vipande viwili vya kioo cha dirisha, akavibana pamoja upande mmoja, na upande wa pili akapachika kijiti cha kiberiti viachane kidogo. Akavisimamisha kwenye sahani ya chai iliyopoa.

"Ninyi tazama," akasema kwa Kiswahili chake.

Chai ikapanda katikati ya vioo. Upande ulioachana ilipanda kidogo tu, ila kadiri ilivyosogea kwenye upande uliobanwa ndivyo ilivyozidi kupanda, ikachora mstari uliojikunja kama pembe ya ng'ombe. Nikakumbuka maneno ya Fundi Mkuu, mzigo mzito na mzigo mwepesi. Sasa nilikuwa nayaona kwa macho.

"Lami hapana tundu," akasema Bwana Inspekta. "Maji nafika, nakosa njia. Kwisha."

Nilikaa na neno hilo, kwisha, siku kadhaa. Nyumba ya wageni ilipofika kwenye paa, nikamfuata. Fundi Mkuu, aliyekuwa amekuja kukagua pamoja naye, alijua shida yangu, akanisindikiza.

"Bwana," nikasema, "chini ya pipa la lami kumebaki makombo. Naomba."

"Wewe nataka lami ya nini?"

"Ya nyumba yangu. Mke wangu ana kifua. Nyumba inakunywa maji."

Akanitazama, akamtazama Fundi Mkuu. Fundi Mkuu akasema, "Ni kweli, Bwana. Huyu anajenga nyumba za watu wenye afya." Bwana Inspekta akageuka akaenda zake. Akiwa mbali akapaza sauti bila kutazama nyuma: "Pipa narudisha safi! Mimi hapana taka kuona lami ndani!"

Tulilikwangua pipa lile mpaka likang'aa.

Nikaomba likizo, nikajenga. Msingi nilitumia mawe, na Singida Mungu ametunyima vingi lakini mawe hakutunyima. Nikaupandisha juu ya ardhi kiasi cha kumzidi kuku, nikaumwagia lami iliyochanganywa na mchanga, ikawa mkanda mweusi kuzunguka nyumba yote. Juu yake ndipo nikapanga matofali ya kuchoma, na paa nikaliezeka kwa nyasi. Vyumba vilikuwa vitatu: cha kulala, cha watoto, na ghala upande wa njia. Mwajuma alikuwa akiniletea maji ya kulowesha matofali, anatembea, anapumzika, anatembea. Nilimwambia, "Kaa." Akaniambia, "Nyumba ya kwangu nikae kama mgeni?" Tulicheka sana siku zile. Mpaka leo nikinusa lami ya moto barabarani nasimama, watu wanadhani nimeugua.

Masika ya kwanza alilala chali. Filimbi ilikwisha. Nikarudi kazini, nikahamishiwa Sepuka kujenga zahanati, nikiwa na moyo mweupe.

Sepuka nilikaa muda mrefu. Tulikula mlenda na ugali wa uwele kama nyumbani, lakini mlenda wa kambi ya wanaume, jamani, tuuache. Jioni nilikuwa nasafisha mwiko wangu huku naitazama njia ya kwetu. Hamu ya mke si jambo ambalo wazee wa rika langu walilisema hadharani, ila mimi sasa nimezeeka, nani atanikemea? Nilikuwa na hamu naye. Nilikuwa na hamu hata ya ubishi wake. Siku moja mchuuzi wa ng'ombe kutoka kwetu akapita, akanipa salamu: "Mkeo anakusalimu. Hajambo, kifua tu kimerudi."

Kimerudi? Nikamwomba Msimamizi wa kambi ruhusa. Akasema zahanati ifike dirishani kwanza. Nilijenga mpaka dirishani kwa hasira, na bado ukuta ule umenyooka kuliko zote nilizojenga.

Nilipofika Unyambwa nikaikuta nyumba yangu nzuri mno, na nikashika kichwa.

Kwetu sisi nyumba hailali bila kusiribwa. Baada ya mavuno mwanamke huchanganya udongo, mavi ya ng'ombe na majivu, akaupaka ukuta kwa kiganja kuanzia ardhini kwenda juu, na kwa vidole vinne akaacha michirizi iliyopinda, kila mwanamke na mkono wake. Mwajuma alikuwa na mkono unaosifiwa. Naye alikuwa amesiriba nyumba nzima, kuanzia ardhini. Mawe yalikuwa yamefunikwa. Mkanda wa lami ulikuwa umefunikwa. Udongo laini kutoka chini mpaka kwenye tofali, bila pengo. Maji yalikuwa yameukosa mlango, yeye akayawekea ngazi.

Na juu ya mkanda, weupe wa chumvi ulikuwa umeshaanza kuchungulia.

"Mwajuma, nani kausiriba mguu wa ukuta?"

"Ulitaka nimwachie jirani?" Akakohoa, akashika kifua, akaendelea vilevile. "Mama yako alipita akaniuliza, mkwe, nyumba hii mbona haijavaa nguo ya chini? Nilitaka ardhi inimeze. Nyumba ya fundi wa serikali, ina mstari mweusi kama sufuria isiyosuguliwa!"

"Ule weusi ndio dawa yako."

"Dawa haipakwi nje watu waione."

Nikachukua jembe nianze kuukwangua. Akasimama mbele ya ukuta, amenyoosha mikono. "Utaanza na mimi," akasema. Na mimi nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu pia, maana pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi kila neno. Nikaliacha jembe.

Basi nikafanya alichonifanyia Fundi Mkuu. Nikaleta karai. Nikasimamisha matofali mawili, kila moja nimelipaka kichwani mkanda wa lami iliyobaki na juu ya lami nikaweka kipande kingine cha tofali. La kwanza nikaliacha hivyo. La pili nikamwambia alisiribe kwa mkono wake, kutoka chini mpaka juu, kama alivyosiriba nyumba. Nikamimina maji. Nikamwambia, "Kaa, tutazame."

Tukakaa. Halima alikuwa amelala mgongoni kwake. Sikumbuki tulizungumza nini, mengi hayakuwa na maana: ya ng'ombe, ya mama, ya mchuuzi aliyenenepa. Tofali la kwanza likalowa, maji yakafika kwenye lami, yakakoma. La pili udongo wake ukakolea, ukaukwea mkanda, ukavuka, na kile kipande cha juu kikaanza kuiva rangi. Mwajuma akakigusa kwa kidole.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema mwishowe. "Kwa hiyo ni mkono wangu."

"Si mkono wako. Ni udongo."

"Udongo umepakwa na nani?" Akacheka, akakohoa, akafuta macho. Kisha akalichukua jembe mwenyewe na kuanza kukwangua. Ila alipofika upande wa njia, ukuta wa ghala, akasimama. "Huu niachie. Hapa hatulali. Wageni wasiniingilie na maneno. Nyumba ivae nguo upande mmoja."

Nikamwachia. Ningefanyaje?

Kuanzia hapo ndivyo tulivyoishi. Pande tatu za nyumba alisiriba juu ya mkanda tu, na mstari mweusi ukabaki wazi. Upande wa njia alisiriba mpaka ardhini, kwa madaha, kila mwaka. Kila mwaka chumvi ikaubambua. Nikija likizo nakwangua, naziba, nanung'unika, naye anakuja nyuma yangu na karai lake la udongo. Tuliuita ukuta wa wageni. Mama yangu alipouona alisema, "Sasa imevaa." Hakuwahi kuzunguka nyuma, au alizunguka akatustahi. Na kifua kikakaa sawa. Mke wangu alinenepa, akanizalia wengine, akanitawala.

Nilitumwa kwingine kwingi. Wakubwa walibadilika, Bwana Inspekta akarudi kwao, Fundi Mkuu akastaafu akaenda Tabora na sikumwona tena. Nilipostaafu, bendera ya Mwingereza ikiwa bado iko juu, walinipa maneno mazuri na kunipokonya pimamaji. Timazi nilikuwa nayo ya kwangu.

Mtu akiniuliza nilichojifunza kazini, namwambia kwamba maji hayana haraka. Ukuta unaweza kuwa imara machoni pa watu huku kitu kinapanda ndani yake kidogo kidogo. Vijana, jengeni mguu kwanza. Acheni mkanda wenu uonekane, hata mama mkwe akisema. Hayo nayaamini na nitayasema mpaka nife.

Lakini Halima amenibana juzi, na lazima nimjibu hapa pia.

Mwajuma alifariki baada ya mavuno ya mwaka jana. Haikuwa kifua, kifua kilikuwa safi, alilala chali mpaka mwisho. Ni uzee na miguu. Mwaka huo alikuwa hawezi tena kusimama, ila msimu wa kusiriba ulipofika alidai apelekwe kwenye ukuta wa wageni. Halima akamtandikia ngozi, nikamkanyagia udongo kwa miguu yangu. Akasiriba akiwa amekaa. Mkono haukufika mbali. Alimaliza mguu tu wa ukuta, juu kidogo ya mkanda, akasema, "Palipobaki nitamalizia." Hakumalizia. Michirizi ya vidole vyake iko pale chini tu, kwingine hakuna.

Sasa Halima, ambaye naye ana wajukuu, anataka kusiriba. "Baba, chumvi imepanda, inaula ukuta. Wewe ndiye uliyetufundisha. Kata udongo kwenye mkanda, maji yakome, mimi nitapaka upya."

Namjua ni mkweli. Nikikata kwenye mkanda ukuta unapona. Lakini palipo pa kukata ndipo mkono wa mama yake ulipo. Nisipokata, chumvi itavimba nyuma ya udongo na kuudondosha kidogo kidogo. Njia zote mbili mkono huo unakwenda. Nimejenga maisha yangu yote nikiyazuia maji yasipande, na haya nimeyaacha yapande, kwa sababu ndiyo yanayochelewa zaidi kuufuta. Nina hamu naye, basi. Halima alilia, akachukua karai lake akaenda kusiriba nyuma.

Asubuhi natoa kigoda changu na fimbo nakaa mbele ya ukuta wa wageni. Wapita njia wananiamkia na kuniuliza tangu lini nimekuwa mchungaji. Ni ng'ombe wa Halima. Wakitoka zizini wananusa chumvi, wanakuja moja kwa moja kulamba, nami nawafukuza. Siku moja nilisinzia, na yule mwekundu akalamba mchirizi wa kidole cha mwisho, kote Mwajuma alikokipitisha. Vile vitatu bado vipo.